Mbwa aliyeokolewa kuingia nyumba yenye paka mzee: nimchukue au nimwache? (Tanga)

Mwana wa Chumbageni (mleta uzi)

Ndugu zangu, assalamu alaykum, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo. Naleta jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, lakini mimi limeninyima usingizi wiki ya pili sasa, na jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Jirani yangu ni mwalimu. Miezi minne iliyopita, akirudi nyumbani kwa baiskeli kwenye barabara ya Pangani, alimkuta mbwa jike mtaroni, amegongwa na pikipiki, mguu wa nyuma umevunjika na kupe wamemjaa masikioni kama mbegu za papai. Wapita njia walimshauri amwache afe. Yeye alivua shati, akamviringisha, akampakia kwenye keria na kumleta mtaani huku tukimcheka. Mguu umeunga, ingawa anachechemea anapoamka, na watoto wamempa jina la Singa kwa sababu manyoya yake yana rangi ile ile ya singa za mkonge zilizoanikwa juani. Sasa mwalimu amepata uhamisho wa kwenda Tabora, na nyumba aliyopata huko ni ya kupanga ambayo mwenyewe hataki mbwa. Amenijia mimi kabla ya mtu mwingine kwa kuwa jioni nikipita Singa hunisindikiza hadi mlangoni kwangu, kisha hukaa nje bila kujaribu kuingia.

Nyumbani tuko sita: mama yangu mzazi mwenye miaka 71, mke wangu, watoto watatu ambao mkubwa ana miaka 13 na wa mwisho ana miaka minne, na mimi. Wa saba ni Nunu, paka jike wa miaka tisa, ambaye kwa kweli ndiye mwenye nyumba. Hulala kwenye mkeka wa mama, hula dagaa wake baada ya magharibi, na kila siku husaza dagaa mmoja pembeni mwa sahani, hatujui anamwachia nani. Hajawahi kuishi na mbwa hata siku moja.

Nisijidanganye kwa kusema kwamba natafuta mlinzi. Ni kweli kwamba wezi waliruka ukuta mwaka jana wakaondoka na baiskeli mbili, lakini Singa hafiki kilo kumi na tano, na akimwona mgeni hutikisa mkia kwanza ndipo abweke. Nimemhurumia, basi, na ninachoogopa ni kwamba huruma peke yake haijengi banda wala haichoti maji. Isitoshe mimi ni karani katika ofisi ya shamba la mkonge upande wa Muheza, na kila wiki nalala huko siku mbili.

Naomba ushauri wa watu waliowahi kumleta mbwa mkubwa, mwenye historia asiyoijua mtu, katika nyumba ambayo tayari ina mnyama. Waliosikia kwa majirani nao wakaribie, ila watuambie kwamba wamesikia.

Mganga wa Ng'ombe

Ndugu mleta uzi, mimi ni daktari wa mifugo hapa hapa Tanga, na siku zangu nyingi huishia mazizini kwa ng'ombe wa maziwa, ndiyo maana ya jina langu. Mbwa na paka naletewa jioni, mara nyingi wakiwa wamechelewa. Kabla hamjazungumzia kama Singa na Nunu watapendana, naomba tuzungumzie vitu viwili ambavyo havisubiri.

Cha kwanza ni kichaa cha mbwa. Muulize mwalimu kama Singa ana kadi ya chanjo. Kama hana, mhesabu kuwa hajachanjwa, hata kama mtu anakumbuka kwamba alichomwa sindano fulani. Achanjwe na Nunu naye achanjwe, kwa sababu paka pia hupata ugonjwa huu na kuuambukiza, kisha warudie kwa tarehe itakayoandikwa kwenye kadi. Makadirio yanayotumika duniani ni kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba ya kutegemea. Hapo ng'ambo, Pemba, chanjo za mbwa ziliuondoa ugonjwa huu, ukarudi mwaka 2016, na chanjo zikarudiwa mpaka ukaondoka tena. Kwa hiyo inawezekana, lakini si jambo la kufanya mara moja ukalisahau.

Mtoto wako wa miaka minne akiumwa au akikwaruzwa, na mbwa yeyote, akiwemo Singa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 zilizohesabiwa kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe. Afungwe mahali salama aangaliwe siku 10, kwa maana mbwa ambaye tayari ana virusi kwenye mate huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Watu wengi humpiga rungu kwanza, kisha wanakuja kuniuliza kama alikuwa na kichaa.

Cha pili ni kupe, na hapa nakuomba usome polepole kwa sababu ndipo paka wanapofia. Hapa kwetu kila mwenye ng'ombe ana chupa ya dawa ya kuogeshea, na jirani mwema atakupa vifuniko viwili umwogeshee mbwa. Mwaka fulani nililetewa paka anayetetemeka mwili mzima, masikio yanachezacheza yenyewe, mate yanamtoka. Hakuna aliyempa sumu. Asubuhi walikuwa wamemwogesha mbwa kwa dawa ya ng'ombe, mchana paka akalala ubavuni mwake, kisha akajilamba kama paka wote wanavyojilamba. Ini la paka haliwezi kuzivunja dawa za jamii ya pemethrini na saipemethrini kama linavyofanya la mbwa, na amitrazi nayo ni hatari kwake. Yule paka hakufika alfajiri. Ukiingia duka la dawa za mifugo, usiseme tu kwamba unataka dawa ya kupe wa mbwa. Sema kwamba nyumba ina paka, soma jina la kiini cha dawa kwenye kibandiko, na kama muuzaji hajui, toka.

Kupe wenyewe wasidharauliwe. Mbwa aliyejaa kupe kama ulivyoeleza huenda ameshaambukizwa vimelea vya damu. Mfunue mdomo umtazame ufizi: ukiwa mweupe, au akitokwa damu puani, au akiwa na homa na kukataa chakula, mlete apimwe damu kabla hajahamia kwako.

Kijana wa Makorora

Mkuu, kwa heshima zote, kuna watoto mtaani kwangu wanaolala bila kula, na sisi tunaandika kurasa kuhusu mbwa koko. Mwalimu alifanya wema wake umekwisha. Mbwa ni mnyama wa mitaani, mwache mtaani atajitafutia kama alivyokuwa akijitafutia kabla ya kugongwa.

Jirani wa Mikanjuni

Naomba nimjibu ndugu wa Makorora kabla ya mleta uzi. Mbwa aliyelishwa miezi minne kwenye ua, kisha akaachwa, harudi kuwa kama zamani. Hukaa kwenye lango lile lile akisubiri, na anapofukuzwa hapo huanza kuingia majumba ya watu. Mimi nimeishi na matokeo hayo. Mpangaji wa nyumba ya pili alihama akamwacha mbwa wake, na kwa miezi mingi watoto wetu wakitoka madrasa jioni walipitia njia ya mbali kwa kumwogopa. Si kweli pia kwamba ni suala la hisani tu: tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, ambayo inamfanya anayemiliki mnyama kuwa na wajibu juu yake.

Kwako mleta uzi, mimi sina la kusema juu ya paka, nina la kusema juu ya majirani. Wapitie nyumba kwa nyumba kabla mbwa hajahamia, hasa wenye kuku na wenye watoto wadogo. Waambie atachanjwa lini na atakaa wapi. Na tafadhali usije ukamaliza tatizo kwa mnyororo, kwa sababu mbwa anayefungwa mchana kutwa kwenye mti huwa mkali kwa kila kinachopita karibu, na kitakachopita karibu kuliko vyote ni mtoto wako.

Bi Kaole

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Bagamoyo, na siku hewa ikiwa nzuri hutembea hadi magofu ya Kaole na mbwa wangu wa pili. Nasema wa pili kwa sababu wa kwanza niliwaharibia yeye na paka wangu wawili, na ni kwa kosa lile lile ambalo naona unakaribia kulifanya, la kudhani kwamba wakikutana watazoeana.

Nilimleta siku ya Jumamosi, nikafungua lango, nikamfungua kamba, nikakaa kibarazani kutazama. Sikumaliza hata kikombe cha chai. Dume alipanda mkungu ulio nje ya ua akakaa juu usiku na mchana, aliposhuka akahamia kwa jirani, na mpaka leo ananipita njiani kama mtu tuliyedaiana. Jike hakukimbia. Aliingia chini ya kitanda changu akaacha kula, nami nikasema njaa itamtoa. Sikujua kwamba paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila chakula, mwili huanza kupeleka mafuta kwenye ini mpaka linashindwa kazi. Nilipompeleka kwa daktari macho yalikuwa yameshakuwa manjano. Alikufa siku ya tisa, na mbwa niliyemwita muuaji hakuwahi hata kumgusa. Nilimrudisha mbwa nilikomtoa, naye hakuwa na kosa lolote.

Miaka mitatu baadaye, paka mwingine akiwa ameshazoea nyumba, niliombwa tena kumchukua mbwa. Safari hii nilikwenda kama mtu anayevuka mto wenye kina. Siku za mwanzo hawakuonana kabisa. Mbwa alikaa uani na paka akabaki na vyumba vyake vyote, choo chake na mahali pake pa kulia bila kupungukiwa kitu. Nilichukua kitambaa nikampangusia mbwa shingoni, nikakiweka karibu na sahani ya paka, na cha paka nikampelekea mbwa, wakanusana bila kuonana. Kisha nikawa nawalisha kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, sahani zikianza mbali na kusogea kidogo kidogo. Ndipo nikafungua mlango, mbwa akiwa na kamba mkononi mwangu. Ilichukua zaidi ya mwezi.

Nikufundishe kumsoma mbwa, kwa maana kubweka si dalili mbaya kuliko zote. Mtazame akimwona paka. Akikodoa macho bila kupepesa, mdomo ukafungwa, mwili ukakakamaa na ukimwita hageuki, huyo anawinda, na hilo huwezi kulitibu kwa matumaini. Lakini akitazama, akakupa shingo ulipomwita, akarudi kunusa ardhi, hapo pana mahali pa kuanzia. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, fanya mtihani huo kwa mwalimu, mbwa akiwa na kamba, na paka wa mtaani akipita juu ya ukuta. Usimtumie Nunu.

Na usihukumu kwa wiki ya kwanza. Wanaopokea mbwa waliookolewa wana msemo wao wa siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu: siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu mpaka aonekane alivyo kweli. Mbwa mtulivu siku ya pili huenda ni mbwa mwenye hofu tu.

Mwanafunzi wa Chuoni

Mimi si mufti, ni mwanafunzi, na nimengoja kuona kama kuna atakayeligusa jambo ambalo wote wa pwani tunalo kichwani. Mama yako anaswali kwenye mkeka ambao Nunu analalia, na hilo halina tatizo, kwa kuwa paka amehesabiwa katika hadithi kuwa ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka, wala si najisi. Kwa mbwa, sisi tulio wengi hapa tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo yanamhesabu mbwa mzima kuwa najisi nzito, na chombo au nguo iliyoguswa na mate au majimaji yake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wamaliki wanaona vingine, kwamba mbwa aliye hai ni twahara, lakini sidhani kama mama yako atabadili madhehebu kwa ajili ya Singa.

Hata hivyo, najisi si chuki. Kumfuga mbwa kwa ajili ya mifugo, shamba au uwindaji kumeruhusiwa kwa hadithi, na wanazuoni wengi wameingiza ulinzi wa nyumba humo humo. Anayefuga bila haja hupungukiwa na thawabu, kwa hiyo lile suala la kama ni mlinzi au si mlinzi, ulilolipita haraka, kwa mama yako huenda likawa na uzito. Na katika Suratul Kahf, aya ya 18, mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Naona kizingiti ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo na mama.

Kwa matumizi ya kila siku, kumbuka kwamba kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Shida itakuwa masika, ambapo Tanga hakuna kitu kikavu. Banda liwe mbali na anapotawadhia, sahani ya mbwa isiingie jikoni, na uwe na kanzu au shuka la kuvaa unapomshughulikia.

Mwana wa Chumbageni (mleta uzi)

Nawashukuru wote, na Bi Kaole nakushukuru zaidi kwa sababu ulivyoandika si rahisi kuandika. Pole kwa paka wako.

Mtihani nimeufanya jana jioni. Mwalimu alimshika Singa kamba, nasi tukangoja karibu nusu saa mpaka paka mmoja mweusi wa mtaa alipotokea juu ya ukuta wa choo. Singa alisimama, masikio mbele, mguu mmoja wa mbele ukabaki hewani. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika nne mwalimu alimwita, naye akageuka, akatazama mkono wa mwalimu kama una kitu, kisha akamrudia paka, akaitwa tena, akageuka tena. Mdomo ulikuwa wazi, ulimi nje. Paka mweusi ndiye aliyeondoka kwa hasira. Mguu ule uliobaki hewani sijui niuhesabu vipi.

Kadi ya chanjo haipo. Mwalimu anakiri kwamba alishughulika na mguu akasahau mengine.

Kuhusu mama, nilijiandaa na aya na hadithi nilizopewa hapa, nikakaa naye baada ya isha nikaanza kwa mbali. Hakunipa nafasi ya kufika pangoni. Alisema hivi: "Mimi sina ugomvi na mbwa. Babu yako alikuwa nao shamba, na udongo wa kuoshea upo. Ugomvi wangu ni na mtu anayeleta kiumbe halafu Jumanne anapanda basi. Nunu naye ulimleta wewe, na miaka tisa hii nani amemnunulia dagaa?" Sikuwa na jibu, na mpaka naandika hapa sina.

Mvuvi wa Sahare

La kwangu ni fupi. Ukija kumtembeza ufukweni, mshike kamba hasa maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu wavuvi hutupa bunju mchangani, na mbwa hajui kwamba huyo samaki ana sumu. Nimeona mbwa akila bunju mzima asubuhi, miguu ikamlegea kabla ya adhuhuri, akafa akiwa na macho wazi. Hakuna dawa ya kumpa.

Mganga wa Ng'ombe

Narudi kwa mambo mawili niliyoyaacha. Singa ni jike, na hakuna aliyeniambia kama amefungwa kizazi. Jike hupata joto takribani kila baada ya miezi sita, na kwa muda wa kama wiki tatu madume ya kata nzima yatalala kwenye lango lako, jambo ambalo Nunu hatalipenda kuliko Singa mwenyewe. Akishika mimba, siku 63 hivi baadaye utakuwa na uzi mwingine wa kuandika hapa. Basi afungwe kizazi akishapata nguvu.

La pili, mwalimu amwangalie nyuma. Mbwa waliokuwa wakizurura hupata uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, ambao huota sehemu za siri kama ua la koliflawa dogo na kudondosha matone ya damu. Watu hudhani ni joto lisiloisha. Unatibika vizuri kwa sindano za kila wiki, lakini ni wiki kadhaa na zinahitaji mtu wa kumleta kila mara, kwa hiyo ni heri ujue kabla ya kupokea kuliko baada ya kupokea.

Chakula si jambo gumu: ugali wa dona na dagaa au utumbo uliochemshwa, bila vitunguu, bila mifupa ya kuku iliyopikwa. Ila kila mmoja ale chake mahali pake. Sahani ya Nunu iwe juu.

Bi Kaole

Mwanangu, mama yako ameuliza swali ambalo sisi sote tuliotaja kupe na vitambaa hatukuuliza. Zile siku mbili za Muheza, nani atashika kamba? Maana kuwatambulisha wanyama hakuruki siku. Ukifanya Jumatatu ukaacha Jumanne na Jumatano, Alhamisi umeanza upya. Mimi nilikuwa nimestaafu.

Jambo lingine ambalo ningependa ningeliambiwa: panga kabisa, kabla hajaja, atakwenda wapi ikishindikana. Nilimrudisha wa kwanza kwa haraka na kwa aibu, na aibu haichagui mahali pazuri.

Mwana wa Chumbageni (mleta uzi)

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi nikiwa na la kusema.

Nilimwomba mkuu wangu wa kazi anipe likizo yangu ya mwaka sasa badala ya Desemba, siku 28, na amekubali. Kwa hiyo mwezi wa kwanza nipo mimi mwenyewe. Baada ya hapo, siku mbili za Muheza zitakuwa za binti yangu mkubwa, ambaye nimemfundisha mbele ya mama kushika kamba na kufunga mlango wa uani kwa komeo mbili, naye ameapa kwa namna ambayo watoto wa miaka 13 huapa. Mama alisikiliza akasema ataona. Dagaa wa Nunu nanunua mimi tangu Ijumaa iliyopita.

Shemeji yangu wa Pongwe ana ng'ombe wawili na uwanja mpana, hana paka, na amekubali kumpokea Singa ikishindikana. Sharti tumelikubaliana na mama na nimeliandika kwenye kalenda ya ukutani: Nunu akikosa milo miwili mfululizo, tunampigia daktari simu siku hiyo hiyo, na Singa anakwenda Pongwe bila mjadala. Majirani nimewapitia. Mmoja mwenye kuku hakufurahi, nami nimempandishia wavu wa upande wetu.

Singa alichanjwa siku moja na Nunu. Nyuma yuko salama. Damu imeonyesha vimelea, anameza vidonge vyake ndani ya tonge la ugali, na dawa ya kupe tumechagua ambayo daktari alisema haina ubaya kwa paka. Kizazi atafungwa akimaliza dozi. Banda lipo upande wa kisima, mbali na anapotawadhia mama, na udongo safi upo kwenye ndoo yenye kifuniko.

Ndugu wa Makorora, nimelifikiri lako pia, na sioni kwamba dagaa wa Singa wametoka kwenye sahani ya mtoto yeyote. Wametoka kwenye sigara zangu.

Alihamia Jumapili usiku, mtaa ukiwa umetulia. Leo ni siku ya sita, na hawajaonana bado. Jana niliweka kitambaa chenye harufu ya Singa hatua tatu kutoka sahani ya Nunu. Alikisogelea kwa tumbo, akakinusa, akakipiga kofi moja, akarudi nyuma na kukaa akikitazama mpaka nikadhani hatakula. Mama alikuwa kwenye mkeka na tasbihi, anajifanya haangalii. Muadhini wa isha alipoanza, Nunu aliinuka, akala taratibu akiwa amekipa kitambaa mgongo, akaenda zake. Mama akainama kuitazama sahani, akaniita. Alikuwa amesaza dagaa mmoja.